Mkanda wa simbi usiopukutika: mwongozo kamili wa kusaga, kulainisha na kushona

Kila mwaka Juni ikikaribia, vikundi vinapojiandaa kwa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, pale Bujora karibu na Mwanza, simu yangu hujaa picha za aina ileile. Simbi, lile gamba dogo la baharini, iliyopasuka vipande viwili mkononi. Simbi iliyokuwa ikimeremeta, sasa imefubaa kama chaki. Mkanda uliokatika uzi ngoma ikiwa imepamba moto, simbi zikamwagika na kukanyagwa na kundi zima. Wanaonitumia picha hizo si wazembe. Wengi wamerudia mara tatu au nne, pesa imekwisha na vidole vimechubuka.

Nimezikagua kazi zao moja moja. Makosa ni machache na yanajirudia, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja, na sababu zake.

Historia ya simbi nitaiweka kando. Hapa tunatengeneza kitu kimoja: mkanda wa kiuno wa sm 80, wenye safu moja ya simbi 44, unaoweza kuchezewa kutwa nzima bila kudondosha hata moja. Ukiuweza huu, utepe wa kichwa na njuga za simbi za mguuni havitakusumbua, maana mkono ni uleule.

Simbi ninazozisema ni zile ambazo Pwani huitwa kauri au kete, yaani gamba la konokono mdogo wa baharini. Usichanganye na kauri ya vigae na vikombe. Konokono huyu haishi ziwani kwetu. Simbi halisi zinazouzwa Mwanza zimetoka baharini.

Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Kazi ya simbi ikikatishwa katikati, ndipo mtu huanza kubahatisha.

- Simbi 55. Zinazohitajika ni 44. 11 ni akiba ya zitakazopasuka na zisizolingana.
- Ndoo mbili na maji ya bomba au ya kisima.
- Sabuni ya kawaida ya kufulia na mswaki uliochakaa.
- Msasa wa maji namba 80, 220 na 400, karatasi mbili za kila namba. Sisitiza dukani kuwa unataka wa maji, kwa sababu ule wa mbao ukilowa unamomonyoka.
- Kipande cha ubao bapa au kigae cha kulazia msasa.
- Ndala moja kuukuu yenye soli nene, na kisu kikali.
- Msumari mwembamba.
- Turubai au kitambaa kizito cha jinzi, sm 84 kwa sm 10.
- Bitana laini ya sm 82 kwa sm 6, na kamba mbili za kufungia, sm 30 kila moja.
- Uzi wa nyavu wa nailoni, ule mwembamba uliosokotwa. Mwanza hatuna shida nao, kila duka la zana za uvuvi unao.
- Sindano mbili imara zenye tundu linalopitisha uzi huo.
- Mshumaa, kibiriti, mkasi, futi ya fundi cherehani, penseli, barakoa.

Hatua ya 1: Chagua simbi kabla ya kulipa

Sokoni utakutana na aina mbili, mara nyingi zikiwa zimechanganywa kwenye gunia moja.

Ya kwanza ni Monetaria annulus. Ni ya mviringo wa yai, laini pande zote, na mgongoni ina duara la rangi ya chungwa au manjano lililozunguka sehemu ya kijivu. Ya pili ni Monetaria moneta. Hii ni ya manjano, na kingo zake zina vinundu vinavyoifanya ionekane kama ina pembe.

Kwa mkanda wako wa kwanza chukua ile yenye duara. Umbo lake halibadiliki sana kati ya moja na nyingine, kwa hiyo safu inanyooka. Ile yenye vinundu ni nzuri, naipenda, lakini unene wake hauko sawa na inamtaka mtu aliyekwisha kuzoea kusaga.

Chukua zenye urefu wa kama sm 2 na upana wa kama sm 1.4. Usikubali kuchotewa kwa kopo. Omba nafasi, kaa chini, chagua moja moja, ukifanya majaribio haya:

Idondoshe juu ya meza kutoka kimo cha kiganja. Nzima hulia kwa sauti kali na fupi. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni.

Itazame tumboni, upande wenye mdomo mrefu na meno. Upande huo ndio utakaoonekana kwenye mkanda. Meno yawe kamili pande zote mbili. Kama mdomo ni mpana na hauna meno, huyo alikuwa konokono mchanga ambaye gamba lake halijakomaa. Ni jembamba na litavunjika wakati wa kusaga.

Iguse kwenye jino au shavu. Simbi halisi ni ya baridi na nzito kwa kimo chake. Ya plastiki ni nyepesi, haina ubaridi, na mara nyingi utaona mstari wa kiwandani umeizunguka ubavuni.

Yenye vitundu vidogo kama vya sindano, iache. Kuna viumbe wa baharini wanaotoboa magamba, na mahali walipopita ndipo patakapopasuka.

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kutumia magamba ya konokono wa ziwani, yale yanayosukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Hapana. Magamba yale ni membamba, yamejikunja kama ngazi au kama sarafu, na hayana mdomo mrefu wa kupitishia uzi. Tena wale wadogo bapa, waliojiviringa kama kamba iliyokunjwa, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Usiingie majini kuwatafuta.

Na ukienda Pwani mwenyewe, usiokote walio hai. Wanaishi chini ya mawe na kwenye miamba ya kina kifupi, maji yakipwa unawaona, wakila mwani. Kuwachemsha ili upate gamba ni uharibifu, na ndani ya hifadhi za bahari kama ile ya Mafia huruhusiwi kuchukua bila kibali.

Onyo jingine, nalo naliweka hapa makusudi. Usifumue simbi za vazi la zamani la ukoo bila kuwauliza wazee. Nyumba nyingi za Usukumani zina simbi zilizokuwa za mganga au za matambiko, na kwa wenyewe si mapambo. Binti mmoja aliniletea simbi kuukuu nzuri ajabu alizozitoa kwenye sanduku la marehemu babu yake. Nilimrudisha nazo nyumbani akaulize. Hakuruhusiwa, na wazee walishukuru.

Hatua ya 2: Osha, wala usitumie ndimu

Simbi nyingi hufika na chumvi, mchanga na mabaki ya nyama ndani. Usipoyatoa, mkanda utanuka siku ya kwanza mchezaji akitoa jasho.

Loweka simbi kwenye ndoo ya maji safi kwa siku nne. Badilisha maji kila asubuhi. Kila ukibadilisha, shika kila simbi chini ya maji, mdomo ukiwa chini, uitikise. Utaona mchanga na vipande vyeusi vikishuka. Siku ya tano zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, pitisha mswaki kwenye meno, suuza mara mbili, zianike kivulini juu ya kitambaa.

Usiziloweke ziwani kwenye mfuko wa wavu, kama wengine wanavyofanya ili kuokoa maji. Kusimama kwenye maji yenye majani ufukweni dakika chache kila asubuhi kunatosha kukupa kichocho.

Usizichemshe maji yakitokota. Joto la ghafla hufungua nyufa ambazo zingekaa kimya miaka.

Sasa ndimu. Hili limeharibu simbi nyingi kuliko nyundo. Watu hulowesha simbi kwenye maji ya ndimu, siki au ukwaju wakitumaini zitang'aa. Gamba hili ni kalsiamu kaboneti, jamaa wa chokaa, na asidi inalila. Chukua simbi moja iliyovunjika, idondoshee ndimu, uisogeze karibu na jicho. Utaona vipovu vidogo vinachemka. Hapo si uchafu unaotoka, ni gamba lenyewe.

Na mng'aro ukiondoka haurudi, kwa sababu haukutoka kwenye mafuta wala rangi. Konokono akiwa hai hutoa nyama yake nje, pande mbili, ikapanda na kulifunika gamba mpaka ikutane juu mgongoni. Nyama hiyo ndiyo iliyotandaza ule utando laini, safu juu ya safu, na kuulinda usichubuke. Mwenyewe hayupo tena. Mng'aro ulioununua ndio wote utakaokuwa nao, kwa hiyo kazi yako katika hatua zote zinazofuata ni kuutunza.

Ikiwa harufu imegoma, changanya kifuniko kimoja cha jiki kwenye lita moja ya maji, tumbukiza simbi dakika 15 tu, kisha suuza sana. Ukizilaza humo usiku kucha zitafubaa.

Utajuaje zimekuwa tayari? Weka simbi kumi kavu ndani ya chupa, funga kifuniko, ziache hadi kesho yake. Fungua unuse. Kama hakuna harufu, endelea. Kama ipo, rudi kwenye ndoo.

Hatua ya 3: Saga mgongo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayeanza huchukua msumari wa moto, au drili, akajaribu kutoboa tundu moja huku na jingine kule. Gamba la simbi ni gumu lakini halina unyumbufu. Ncha ya drili inasukuma nguvu zote mahali padogo, mgongo una kuba na ndani ni utupu, hivyo gamba linaachia kwa ufa mrefu kutoka ncha hadi ncha. Nyundo nayo hivyohivyo. Zamani wapo waliokuwa wakiubomoa mgongo kwa kugonga, lakini kwa mtu mwenye simbi 55 za kununua, hasara yake ni kubwa.

Simbi ya kushonwa husagwa. Unaondoa kuba lote la mgongo, unabaki na tumbo lenye meno, ambalo sasa linalala bapa juu ya kitambaa na lina uwazi mpana nyuma wa kupitishia sindano.

Tengeneza kishikio kwanza. Kata kipande cha soli ya ndala chenye ukubwa wa kiganja. Katikati chonga shimo la umbo la simbi, dogo kidogo kuliko simbi yenyewe, lenye kina cha nusu ya soli. Bana simbi humo, tumbo likiwa ndani na mgongo nje. Kishikio hiki kina kazi mbili: kinaokoa vidole vyako, na kinalinda meno na mng'aro wa tumbo usiguse msasa.

Lowesha msasa namba 80, ulaze juu ya ubao, mwagia maji kijiko kimoja. Geuza kishikio, mgongo wa simbi uguse msasa, kisha sugua kwa kuzungusha kama unachora namba 8. Mzunguko huo unaondoa gamba sawasawa. Ukisugua mbele na nyuma tu, upande mmoja utashuka kabla ya mwenzake.

Usikandamize. Uzito wa mkono unatosha. Kila baada ya mizunguko ishirini ongeza maji, kwa sababu mbili. Maji yanashusha joto linalopasua gamba. Pia yanakamata vumbi lisiingie kifuani mwako. Unga wa gamba ukiuvuta siku baada ya siku unaumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa hata kama unasaga kwa maji, na usiwahi kusaga kwa mashine kavu ya kukatia vyuma.

Kama unapenda jiwe badala ya msasa, granite yetu ya Mwanza inafaa kabisa, mradi upate kipande chenye uso uliosawazika. Jiwe haliishi kama msasa, ila ni la polepole. Mimi huanza na jiwe na kumalizia na msasa. Jiwe nalo lilowe muda wote, kwa kuwa vumbi la granite ni baya kuliko la simbi.

Sasa angalia na usikilize. Kwanza duara la rangi ya chungwa linapotea na mgongo unakuwa mweupe usiong'aa. Endelea. Baadaye, kwa simbi nyingi, inachomoza rangi ya zambarau, kama ya jamu iliyoiva nusu. Ukiiona zambarau, punguza mkono. Sauti nayo hubadilika. Ile ya kukwaruza iliyoshiba inakuwa nyembamba na yenye mwangwi, kama unakwaruza kopo tupu. Mizunguko michache tu, na tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linafunguka.

Hapo wengi hufurahi wakaongeza nguvu. Usifanye hivyo. Kingo za tundu jipya ni nyembamba kama karatasi na ndizo zinazopasuka. Suuza simbi, angalia, rudi kwenye msasa kwa mkono mwepesi zaidi kuliko mwanzo. Tundu litapanuka lenyewe kadiri unavyoshuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mnene, kwa sababu gamba hili lina unene mkubwa kuelekea tumboni.

Simama uwazi unapofikia urefu wa kama sm 1.2, ukubwa wa harage. Kila ncha ibaki na gamba la mm 4 hivi. Nyama hiyo ya ncha ndiyo itakayobeba uzi. Ukiila, hakuna ushonaji utakaoisaidia.

Ndani utaona ukuta mdogo uliojikunja. Ndipo konokono alipokuwa amejizungusha. Ukiziba njia ya sindano, uvunje taratibu kwa ncha ya msumari, ukisukuma kuelekea kwenye uwazi, kamwe usielekee mdomoni, usije ukang'oa meno.

Simbi ya kwanza inaweza kukuchukua dakika kumi au zaidi. Usijali. Ukifika ya ishirini mkono utakuwa umeshajua. Nakushauri usisage zaidi ya kumi na tano kwa siku, maana kuchoka ndiko kunakoleta mkandamizo.

Kazi nzuri inaonekana hivi: laza simbi zote juu ya kioo, meno juu. Hakuna inayoyumba ukiigusa kwa kidole. Inama utazame kwa ubavu; vimo vyake vinalingana, isipokuwa tofauti ndogo ambayo jicho linaitafuta ndipo liione. Inayoyumba irudi kwenye msasa. Iliyo fupi mno itenge na akiba.

Kama unataka simbi nzima ya kidani, yenye mgongo wake, hapo tu ndipo drili inaruhusiwa. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa tundu, tumia ncha ya mm 1.5, zima mtindo wa kugonga, toboa karibu na ncha moja kwa mwendo mdogo, ukidondoshea maji. Na utegemee kupoteza kadhaa.

Hatua ya 4: Lainisha kingo mpaka uzi upite bila kulia

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani mkanda ukishamalizika. Ndiyo inayokata mikanda.

Ukingo uliotoka kwenye msasa namba 80 ni msumeno. Mchezaji akitikisa kiuno, uzi unasuguliwa kwenye msumeno huo mara elfu kwa ngoma moja.

Sugua uso uliosagwa kwenye msasa namba 220, kisha 400, mizunguko thelathini kila mmoja, kwa maji. Halafu kata ukanda mwembamba wa namba 400, uviringe kwenye njiti ya kiberiti, upitishe ndani ya uwazi na kwenye ncha zote mbili za mdomo. Angalia vizuri hapo kwenye ncha: kila moja ina kijimfereji, simbi yenyewe imekuja nacho. Uzi wako utalala humo, kwa hiyo kilainishe kwa upole bila kukipanua.

Jaribio ni rahisi na halidanganyi. Chukua uzi wa pamba wa kawaida, ule mwembamba wa cherehani, upitishe kwenye uwazi utokee mdomoni, uvute nenda rudi mara kumi. Ukitoka na manyoya, simbi hiyo bado. Ukitoka kama ulivyoingia, iko tayari.

Suuza, kausha kivulini usiku kucha.

Hatua ya 5: Andaa mkanda

Kunja kingo za turubai sm 1 kila upande wa urefu na sm 2 kila mwisho, kisha likunje katikati upate mkanda wa sm 80 kwa sm 4 wenye tabaka mbili. Shona pembeni kwa cherehani. Tabaka moja halitoshi. Simbi 44 zina uzito, na kitambaa chepesi kitajikunja na kuzipindua.

Chora mstari wa katikati kwa penseli. Anza sm 5.6 kutoka mwisho wa kushoto, weka nukta, kisha nukta nyingine kila baada ya mm 16 hadi zifike 44. Mwisho wa kulia utabaki na nafasi ileile. Hesabu yake ni hii: simbi ina upana wa mm 14, na mm 2 ni nafasi ya kupumulia. Zikibanana, mchezaji akiinama zitagongana na kulika ubavuni. Kama zako ni pana zaidi, ongeza umbali, upunguze idadi.

Hatua ya 6: Shona kila simbi kama vile iko peke yake

Mkanda wangu wa kwanza niliushona kwa uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila fundo hata moja katikati. Ulikuwa mzuri. Kijana aliinama katikati ya uwanja, uzi ukakatika mahali pamoja, na simbi kumi na tatu zikafuatana chini kama punje za mahindi. Alimaliza ngoma akiwa ameushika mkanda kwa mkono. Tangu siku hiyo sijawahi kushona simbi mbili kwa fundo moja.

Kata uzi wa urefu wa mkono mmoja na nusu. Upitishe kwenye mshumaa mara tatu ili upate nta. Nta inashika fundo na kupunguza msuguano. Usitumie uzi wa pamba, jasho litauozesha. Usitumie ule uzi wa ndoana unaong'aa kama kioo, kwani ni mkavu na fundo lake hufunguka lenyewe.

Simamisha simbi juu ya nukta, meno yakikutazama, ncha moja juu na nyingine chini ya mstari. Kisha:

Kwanza, choma sindano kutoka nyuma ya mkanda itokee kwenye nukta, ndani ya uwazi wa simbi, na ivuke mdomoni.

Pili, vuta uzi uelekee ncha ya juu, ulale ndani ya kile kijimfereji, kisha choma sindano chini kwenye turubai, ukigusa kabisa ncha ya simbi. Ukiacha nafasi ya mm 2 hapa, simbi itacheza, na simbi inayocheza inakata.

Tatu, rudia njia hiyohiyo mara ya pili.

Nne, fanya vivyo hivyo kwa ncha ya chini, mara mbili.

Tano, geuza mkanda, funga fundo mara tatu. Usikate uzi, nenda simbi inayofuata. Uzi ukibaki mfupi, kata baada ya fundo na uanze uzi mpya.

Vuta uzi uwe imara lakini usilazimishe. Kipimo changu ni hiki: simbi isisogee ukiisukuma kwa kidole gumba, na turubai lisijikunje nyuma yake.

Mwisho wa uzi uache mm 5, uusogeze karibu na moto wa kibiriti bila kuugusa. Nailoni itayeyuka na kuwa kichwa kidogo kigumu. Subiri ipoe. Nailoni iliyoyeyuka ikikugusa inanata kwenye ngozi na kuchoma, kwa hiyo usiibonyeze kwa kidole.

Angalia safu kila baada ya simbi tano kwa kuinyoosha mbele ya macho. Upande mmoja wa mdomo wa simbi huwa umefura kuliko mwingine. Zikiwa zote zimeelekea upande uleule, mkanda unaonekana umetulia. Moja tu ikigeuzwa, jicho linakwenda hapo kila mara.

Zikikamilika 44, shona kamba za kufungia kwenye miisho, kisha kunja kingo za bitana sm 1 na uishone nyuma kwa mkono. Bitana inazuia mafundo yasimchubue mchezaji, na jasho lisiyafikie moja kwa moja.

Hatua ya 7: Ujaribu kabla ya kumkabidhi mtu

Ushike mwisho mmoja, utikise kwa nguvu hadi uhesabu thelathini. Sauti iwe moja, ya simbi zikiguswa na hewa na kitambaa. Ukisikia mgongano mkali wa gamba kwa gamba, kuna mbili zilizokaribiana mno. Zitafute.

Uzungushie ndoo. Simbi zote zifuate mzunguko, hakuna inayonyanyua ncha.

Kisha mvalishe mtu, achuchumae, ainame, aruke. Mkanda uliosalimika hapo ndio wa kutoa.

Utunzaji

Baada ya ngoma futa simbi kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kivulini. Jasho lina asidi kidogo, likikauka juu ya meno linayafubaza taratibu. Manukato na mafuta ya ndimu yasikaribie.

Uhifadhi kwenye mfuko wa pamba, mahali penye hewa. Usiufungie miezi ndani ya boksi la karatasi au sanduku la mbao lenye unyevu. Mbao na karatasi hutoa mvuke wenye asidi, na simbi huota unga mweupe unaofanana na ukungu. Ukiuona, si ukungu, ni gamba linaliwa. Suuza kwa maji safi, kausha vizuri, ubadilishe mahali pa kuhifadhi.

Na simbi moja ikipasuka siku moja, usifumue safu. Fungua bitana mahali pake, kata uzi wake kati ya mafundo mawili, chukua moja kwenye zile za akiba zilizobaki, yenye kimo sawa, ishone kwa uzi mpya kama ulivyofanya mwanzo, fundo lake peke yake. Jirani zake hazitajua kama kuna aliyeondoka.